Hisabati: kwa nini anayejiamini sana hukwama, na anayefikiri vizuri huogopa

Swali: Nafundisha hisabati Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa nje kidogo ya Kisumu, darasa la wanafunzi 54. Kuna jambo linanitatiza. Wanaoinua mikono haraka na kusema hesabu ni rahisi ndio hao hao wanaoanguka swali likigeuzwa kidogo. Halafu wapo wengine, hasa wasichana, ambao ukiwasikiliza wakieleza hoja zao unaona wanafikiri kwelikweli, lakini ukiwapa karatasi wanaacha nafasi tupu na kusema, "Mwalimu, hii siwezi." Kila semina tunaambiwa tuwajenge wajiamini. Je, kujiamini ndiko kunakoleta kufikiri, au kufikiri ndiko kunakoleta kujiamini? Na muhula huu nifanye nini?

Jibu: Mwalimu, uliyoyaona darasani ni ya kweli na hayapingani na utafiti. Shida ni kwamba semina nyingi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni hisia ya jumla: "mimi na hesabu tunaelewana." La pili ni uamuzi wa mwanafunzi kuhusu swali lililo mbele yake: "hili naliweza, na nitaanzia hapa." Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeanza kuandika juu ya jambo hili mwaka 1977, alisisitiza hilo la pili, yaani imani inayohusu kazi mahususi. Hiyo ndiyo inayobashiri vizuri zaidi kama mtu atajaribu, atavumilia, na atafika. Ile ya jumla hubashiri zaidi nani atainua mkono.

Kati ya kujiamini na kufikiri, kipi hutangulia? Hulishana, ila si kwa nguvu sawa. Mwanafunzi akifaulu kwa jasho lake mwenyewe katika swali lililomsumbua, imani yake hupanda. Imani hiyo humfanya asikate tamaa katika dakika chache za mwanzo anapokwama, na ni katika dakika hizo ndipo kufikiri hufanyika. Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani ya namna hii: kufaulu mwenyewe, kumwona mwenzako anayefanana nawe akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia, kama vile moyo kwenda mbio. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Cha tatu, ambacho ndicho semina hupenda, ni dhaifu na huyeyuka mtihani wa kwanza ukirudi na alama 18.

Jambo jingine la kuzingatia kabla hujalinganisha wanafunzi wako. Katika TIMSS, mitihani ya kimataifa ya hisabati na sayansi, ndani ya nchi moja moja, wanaojiamini zaidi hupata alama za juu zaidi kwa wastani. Lakini ukilinganisha nchi kwa nchi mambo hugeuka: wanafunzi wa Japani na Korea Kusini hupata alama za juu sana huku wakisema hawajiamini. Sababu moja ni kwamba mtu hujipima kwa walio karibu naye. Herbert Marsh ametafiti hili tangu miaka ya 1980 na kuonyesha kuwa mwanafunzi yule yule, mwenye uwezo ule ule, hujiona dhaifu akiwekwa katika darasa la wakali kuliko angewekwa darasa la kawaida. Kwa hiyo msichana wako anayesema "siwezi" huenda hazungumzii hesabu kabisa. Anazungumzia mvulana wa dawati la mbele anayemaliza kabla yake.

Sasa tuwaangalie wale wenye mikono ya haraka. Fikiria jinsi zoezi la kawaida linavyokwenda. Unafundisha milinganyo sawia, unatoa mfano ubaoni, kisha wanafanya maswali 15 ya aina ile ile. Kuanzia swali la tatu hakuna anayeamua lolote. Kichwa cha mada kimeshawaambia njia. Anachojua mwanafunzi baada ya swali la 15 ni kwamba mkono wake unakwenda vizuri. Anaita hali hiyo kuelewa, na hana sababu ya kushuku. Doug Rohrer na Kelli Taylor walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, kwa wanafunzi wa chuo waliojifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne wasiyoyazoea. Waliofanya maswali ya umbo moja moja kwa mfululizo walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi; waliochanganyiwa walipata asilimia 60. Wiki moja baadaye mambo yalipinduka: wa mfululizo walipata asilimia 20, wa mchanganyiko 63. Angalia ile 89 ikigeuka 20. Hicho ndicho kujiamini unachokiona kikiinua mkono darasani kwako.

Lijaribu hili kesho. "Matatu ilitoka Kisumu hadi Kakamega kwa mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa, ikarudi njia ile ile kwa kilomita 60 kwa saa. Mwendo wake wa wastani kwa safari nzima ulikuwa upi?" Utapata makundi matatu. Wa kwanza watasema 50 kabla hujamaliza kuandika, kwa uhakika kabisa. Wa pili wataacha tupu kwa kuwa "umbali haujapewa." Wa tatu, wachache, watanyamaza kidogo kisha mmoja aulize: "Si ilikaa muda mrefu zaidi kwenye ule mwendo wa pole?" Huyo ameshafikiri, hata kabla hajaandika namba yoyote. Mwambie achague umbali wowote unaogawanyika vizuri, tuseme kilomita 120. Kwenda ni saa 3, kurudi ni saa 2. Jumla ni kilomita 240 kwa saa 5, yaani 48 kwa saa. Kisha mwambie ajaribu umbali mwingine, kilomita 60 au hata 50, aone kama 48 itabadilika. Haibadiliki, na kujua kwa nini haibadiliki kuna thamani kuliko jibu lenyewe.

Tazama kilichowatokea wale wawili wa kwanza. Aliyesema 50 alijiamini kupita kiasi, basi hakukagua. Aliyeacha tupu alijiamini chini ya kiasi, basi hakuanza. Wote wawili walikuwa na maarifa ya kutosha: mwendo ni umbali gawanya kwa muda, jambo walilosoma zamani. Walichokosa ni kujua mahali waliposimama.

Wanaofikiri vizuri lakini wanaogopa wana tatizo jingine juu ya hilo. Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha mwaka 2001 kwamba wasiwasi wa hisabati hula ile nafasi ya akili inayoshikilia namba kwa muda mfupi mtu anapokokotoa. Ndiyo maana maswali ya hatua moja huwa hayawaumizi sana. Yanayowaangusha ni yale ya kubeba jambo moja kichwani huku wakifanya jingine. Mwanafunzi wa namna hii ukimpa muda na karatasi ya kuandika kila hatua, hata ile inayoonekana ya kitoto, unampunguzia mzigo huo. Na ulichosema kuhusu wasichana kimeonekana mahali pengi. Katika PISA ya mwaka 2012, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, wasichana waliopata alama sawa na wavulana walisema wanajiamini kidogo kuliko wao. Usisome hilo kama udhaifu wao. Mara nyingi makadirio yao ndiyo yaliyo karibu na ukweli, na ya wavulana ndiyo yamevimba.

Kabla ya kubadili chochote, pima. Tumia vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80. Andaa maswali 10: manne ya njia ya moja kwa moja, manne ya hatua mbili au tatu kutoka mada tofauti zilizochanganywa, na mawili yasiyofanana na chochote kitabuni lakini yanayohitaji maarifa ya Kidato cha Pili tu. Kwa mfano: "Tangi la silinda limeongezwa kipenyo mara mbili na kimo chake kikapunguzwa nusu. Ujazo umebadilikaje?" (Unaongezeka mara mbili.) Au: "Gunia la viazi la shilingi 3,000 sokoni Nakuru lilipanda bei kwa asilimia 20, kisha likashuka kwa asilimia 20. Sasa ni shilingi ngapi?" (2,880, na wengi wataapa ni 3,000.)

Dakika 5 za mwanzo ni za kusoma tu, nusu dakika kwa kila swali, kalamu ya kukokotoa chini. Pembeni mwa kila swali mwanafunzi anaandika namba kutoka 0 hadi 10: 0 ni "sijui hata pa kuanzia," 5 ni "huenda nikapata, huenda nikakosa," 10 ni "jibu langu litakuwa sahihi bila shaka." Baada ya kufanya kila swali anaandika namba ya pili, na haruhusiwi kufuta ile ya kwanza. Kisha wanabadilishana karatasi na kusahihisha: sahihi au si sahihi, bila alama za katikati kwa leo.

Hesabu mbili zinatosha, na wanafunzi wanaweza kuzifanya wenyewe kwa namba za kwanza. Ya kwanza: zidisha wastani wa namba zake kwa 10, kisha ondoa asilimia ya maswali aliyopata. Ya pili: tafuta wastani wa namba alizoandika kwenye maswali aliyopata, ondoa wastani wa namba kwenye maswali aliyokosa. Tuseme mmoja amepata 4 na kukosa 6, na wastani wake ni 8.5 kwenye aliyopata na 8 kwenye aliyokosa. Wastani wa jumla ni 8.2, 82 toa 40 ni 42 juu. Tofauti ya pili ni 0.5 tu. Mwingine amepata 6 na kukosa 4, wastani 5 kwenye aliyopata na 2.5 kwenye aliyokosa. Wastani wa jumla ni 4. 40 toa 60 ni 20 chini. Tofauti ya pili ni 2.5.

Walimu wengi huishia kwenye hesabu ya kwanza. Mimi naona ya pili ndiyo inayosema zaidi juu ya kufikiri. Huyo wa 2.5 anajidharau, ndiyo, lakini anatofautisha anachojua na asichojua, na hiyo ni stadi tayari. Anahitaji tu kusogezwa juu. Huyo wa 0.5 anaona maswali yote yana sura moja. Kumtia moyo huyu ni kumharibia zaidi. Ukilinganisha namba za kwanza na za pili utaona jambo jingine: mwanafunzi ambaye namba yake haishuki hata baada ya kupata jibu la ajabu, kama matatu iliyokwenda kilomita 400 kwa saa, hakagui kazi yake.

Baada ya hapo, mabadiliko ninayoyapendekeza ni machache, lakini yafanyike kila wiki.

Mazoezi yachanganywe. Katika kazi ya nyumbani ya maswali 8, matatu yawe ya mada ya wiki hii na matano ya mada za nyuma, bila vichwa vya mada. Alama za zoezi zitashuka wiki mbili za mwanzo na wanafunzi watalalamika. Waambie mapema kuwa zitashuka, la sivyo wale waoga wataona ndio ushahidi walioungoja.

Kila wiki liwe na swali moja gumu la dakika 15, kwa vikundi vya watu watatu. Alan Schoenfeld aliyechunguza jinsi wanafunzi wanavyotatua maswali wasiyoyazoea aliona kwamba wengi husoma, hushika njia ya kwanza inayokuja kichwani, na kuikimbilia hadi muda uishe bila kusimama hata mara moja. Dawa yake ilikuwa kuwazungukia na maswali matatu: Unafanya nini hasa? Kwa nini? Kitakusaidiaje? Yaandike kwenye kona ya ubao muhula mzima. Dakika ya 4 piga meza, kalamu chini, kila kikundi kijibu hayo matatu kwa sentensi moja moja. Dakika ya 9 tena. Mwanzoni majibu yatakuwa "tunakokotoa tu." Baada ya wiki kadhaa utaanza kusikia "tulikuwa tunatafuta eneo, lakini hatulihitaji." Kikundi kisizidi watatu; wakiwa watano, wawili huwa watazamaji. Na usiweke wakali wote pamoja, wala mkali mmoja na waoga wawili, maana atawaandikia. Weka waoga wawili wenye tofauti kubwa ya pili na mmoja mwenye mkono wa haraka, kisha kalamu ashike mwoga.

Ukiuliza swali darasani, ngoja. Mary Budd Rowe alionyesha mwaka 1974 kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu au kujijibu wenyewe, na wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu huwa marefu na wanaojibu huongezeka. Sekunde tatu darasani ni ndefu kuliko unavyodhani, zihesabu kimoyomoyo. Mikono isiinuliwe kabisa katika muda huo, kwa sababu mkono ulioinuliwa humwambia jirani aache kufikiri.

Kisha karatasi yenyewe ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Hapa kujipima si nadharia tena, ni alama. Kila karatasi ya hisabati ni saa mbili na nusu kwa alama 100: maswali 16 ya lazima yenye alama 50, halafu maswali 8 ambayo mtahiniwa huchagua 5, alama 10 kila moja. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa alama, au dakika 15 kwa swali la kuchagua. Anayejiamini kupita kiasi huchagua kwa mada anayoipenda, akakwama kipengele cha (c), akamaliza dakika 25 hapo. Anayeogopa huacha tupu swali ambalo hatua ya kwanza tu ingempa alama ya njia, kwani mwongozo wa kusahihisha hutoa alama za njia kando na za jibu. Kwa hiyo wafanyishe zoezi hili mara moja kwa mwezi: wape maswali 8 ya sehemu hiyo na dakika 6, bila kutatua. Wayapange kutoka wanaloliweza zaidi hadi wanaloliweza kidogo, wachague matano, na waandike hatua ya kwanza ya kila moja ya hayo matano. Katika wiki zinazofuata watatue yote manane. Mwishoni kila mmoja aangalie kama matano aliyochagua ndiyo yaliyompa alama nyingi. Wengi watakuta moja au mawili waliyoyakwepa yalikuwa rahisi kuliko waliyoyachagua, na hilo litamsadikisha mwoga kuliko sifa zozote utakazompa.

Kuna jambo la Kisumu na Magharibi kwa jumla ambalo vitabu vya saikolojia havitakwambia. Karatasi ni ya Kiingereza, mjadala wa wanafunzi uko katika Dholuo, Kiluhya au Kiswahili. Mwanafunzi anayesema "siwezi" huenda amekwama kwenye sentensi, si kwenye hesabu. Mpe dakika moja amsimulie mwenzake swali kwa lugha yoyote, bila kutaja namba: nani, alifanya nini, kinatafutwa nini. Akiweza kusimulia na akaanza kuandika, tatizo lilikuwa lugha, na kumjenga kujiamini katika hisabati hakungemfaa. Akisimulia vizuri lakini bado hajui pa kuanzia, hapo ndipo kuna kazi ya hisabati. Msichana anayeeleza hoja vizuri kwa mdomo na kuacha karatasi tupu ni wa kupimwa hivi kwanza kabisa.

Yanayoharibu kazi hii ni haya. Kutoa alama kwa namba za kujiamini, au kuzisoma mbele ya darasa: wiki ya pili wataandika wanachodhani unataka. Kubandika orodha ya nafasi ukutani, mtu wa 1 hadi wa 54. Unakuwa umerudisha kipimo cha jirani wakati unajaribu kuwapa kipimo cha swali. Kumsaidia mwoga haraka kwa huruma. Ukimshikia kalamu anasoma ujumbe kwamba hata wewe huamini ataweza. Badala ya kumwonyesha hatua, muulize ni nini tayari anakijua kuhusu swali hilo, kisha ondoka kwenye dawati lake. Na kusifu akili: "wewe ni kichwa!" Sifia kitendo kinachoonekana, kama vile "ulirudi ukakagua kwa umbali mwingine," kwa sababu hicho anaweza kukirudia kesho.

Pima tena baada ya wiki sita kwa maswali 10 mengine ya mpangilio ule ule. Usishangae wastani wa kujiamini wa darasa ukiwa umeshuka. Wenye mikono ya haraka watakuwa wameshuka kuliko waoga walivyopanda, na mzazi au mwalimu mwenzako anaweza kudhani umewavunja moyo. Angalia ile tofauti ya pili. Ikipanda kutoka 0.5 hadi 2 au 3, mwanafunzi ameanza kuona maswali yanavyotofautiana. Isipopanda kwa darasa zima, kagua maswali yako kabla ya kuwalaumu wanafunzi: ikiwa karibu wote wamepata 9 au karibu wote wamepata 2, hakuna cha kutofautisha, na namba hiyo haina maana. Yarekebishe ili kila mwanafunzi awe na angalau matatu anayopata na matatu anayokosa, kisha rudia.